Kufunga nguo za kutuma kwa wateja bila kulipia hewa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa ajili yetu tunaouza kanga, vitenge, madera na mitumba kwa simu, kisha tunafunga mzigo sebuleni na kuupeleka posta au stendi. Wengi wetu tunabishana na karani dirishani wakati bei ilishaamuliwa nyumbani, pale tulipochagua boksi na kukunja nguo. Ndiyo maana nimeandika zaidi juu ya kukunja kuliko juu ya kampuni ipi ni rahisi.

Kwa nini mzigo uleule naambiwa bei tatu tofauti nikizunguka sehemu tatu?

Kwa sababu kila sehemu inapima kitu chake. Posta inaangalia uzito kwanza, mradi kifurushi kisizidi vipimo vilivyowekwa. Kampuni za kimataifa za kusafirisha vifurushi kwa ndege zinapima uzito na ukubwa, kisha zinakutoza kwa kile kilicho kikubwa. Ofisi ya mizigo ya basi mara nyingi haina mizani kabisa. Karani anautazama mzigo, anaunyanyua kidogo, anataja bei.

Ukielewa hilo, utajua la kupunguza. Kama unapeleka posta, pambana na gramu. Kama ni basi, pambana na ukubwa unaoonekana kwa macho. Kama ni kampuni ya ndege, pambana na vyote viwili.

Huo ukubwa unageuzwaje kuwa kilo?

Pima urefu, upana na kimo cha kifurushi kwa sentimita, zidisha vyote vitatu, kisha gawanya kwa 5,000. Jibu ni kilo za ujazo. Kampuni kubwa za kimataifa kama DHL hutumia kigawanyo hicho.

Chukua mfano wa nguo zenye kilo 2.5. Ukiziweka kwenye boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 25, unapata 30,000 ukigawa kwa 5,000, yaani kilo 6. Utalipia kilo 6. Nguo zilezile ukizikunja vizuri zikaingia kwenye mfuko wa sentimita 38 kwa 30 kwa 11, ujazo wake unatoka kilo 2.5, sawasawa na mizani. Hizo kilo tatu na nusu za tofauti zilikuwa hewa.

Kwa kukadiria haraka bila kikokotoo, kumbuka dumu la mafuta ya kula la lita 5. Kila kilo ya nguo isichukue nafasi kubwa kuliko dumu hilo moja. Ikizidi, fungua ukunje upya.

Boksi au mfuko?

Mfuko, karibu kila mara. Nguo haivunjiki. Boksi linalinda sahani na simu, lakini kwa nguo linaongeza gramu 150 hadi 400 na pembe nne zilizojaa hewa, wakati mfuko mwepesi wa kujibandika una gramu 10 hadi 20 tu.

Tazama jozi mbili za kanga zenye gramu 430 kila moja. Jumla ni gramu 860. Kwenye mfuko zinafika kama 880, zimebaki ndani ya kilo moja. Kwenye boksi la gramu 240 zinafika 1,100, na huduma zinazopandisha bei kila nusu kilo zitakuhesabia kilo moja na nusu. Mteja amelipia kadibodi.

Boksi nalikubali kwa kofia, kwa gauni la harusi lenye shanga nzito, na kwa viatu vya ngozi vinavyoweza kubonyea. Hata hapo, tafuta boksi linalokaribiana na kitu chenyewe, na likiwa kubwa likate pembe ulipunguze kimo.

Mifuko ya plastiki si imepigwa marufuku? Nitafungia nini?

Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Kenya ilitangulia tarehe 28 Agosti 2017, na Rwanda ilikuwa mbele yetu sote mwaka 2008. Kwa hiyo usichukue mfuko mwepesi wa sokoni ukaufanya bahasha ya mzigo. Ukikutwa nao, kusema ni wa kufungashia hakutakuokoa. Kabla hujaagiza mamia ya mifuko ya kujibandika kutoka China, uliza mamlaka ya mazingira, NEMC kama upo Tanzania, au NEMA kama upo Kenya, ujue aina hiyo inaruhusiwa kwa kazi yako.

Yapo mengine yanayofaa. Bahasha ya kaki nene inatosha kwa nguo moja au mbili kama safari ni ya posta na haipiti mvuani. Mfuko mbadala, ule unaofanana na kitambaa, ni mwepesi sana na unashonwa kirahisi mdomoni kwa sindano na uzi. Kwa mzigo wa basi unaozidi kilo tano, kipande cha salfeti safi kilichoshonwa ndicho kinachovumilia kurushwa. Kifungashio kinachokuja na robota la mtumba usikitupe, kikate, kioshe, kikauke, kisha ukitumie.

Maji ndiyo tatizo la karatasi na mfuko mbadala. Msimu wa masika mimi huzungushia nguo tabaka moja la karatasi ya nta ndani, kisha selotepu pana kwenye mishono yote ya nje. Inaongeza gramu chache, na mteja wa Songea hapokei gauni lenye madoa.

Kila nguo inakunjwaje?

Kabla ya kukunja chochote, ondoa visivyouzwa: henga, kadibodi ya kola, pini, mkanda ambao mteja hakuununua. Funga vifungo na zipu. Toa kila kitu mifukoni. Na nguo iwe imekauka kabisa. Pamba ni kitambaa kinachopenda maji. Hata ikionekana kavu, kwenye hewa ya kawaida hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake mkavu, na huku pwani wakati wa mvua hubeba zaidi. Nguo iliyoanuliwa kabla ya wakati wake inaongeza gramu kwenye mizani, na ikikaa siku tano ndani ya mfuko uliobana inatoa harufu ya uvundo ambayo mteja hataisahau.

Kanga mpya usiioshe. Ule wanga wa kiwandani ndio unaomwonyesha mnunuzi kuwa ni mpya. Usiitenganishe jozi pia, maana kuna wateja wanaotaka kuikata na kuipindia wenyewe. Ikunje ilivyotoka dukani, kisha ikandamize chini ya kitu kizito usiku mzima. Vitabu, au begi lililojaa. Asubuhi itakuwa imepungua unene bila kutumia chochote cha kununua. Jozi moja huwa na gramu 350 hadi 500 kutegemea ubora wa pamba, kwa hiyo usikisie, pima kila toleo.

Kitenge cha yadi sita mara nyingi huja kimezungushiwa kadibodi. Itoe. Kitenge chenyewe ni gramu 700 hadi 900, na kadibodi ile haina kazi baada ya kuuzwa.

Dera ni jepesi lakini linateleza, likikunjwa ovyo linajaa hewa kama puto. Lilaze kitandani, mikono ndani, likunje mara tatu kwa upana mpaka liwe ukanda mrefu, kisha anza kukunja kutoka kwenye pindo la chini kwenda shingoni huku ukisukuma hewa kwa kiganja.

Jinzi inakunjwa katikati mguu juu ya mguu, ncha ya kitako iingizwe ndani ili pawe na mstari ulionyooka, kisha mara tatu. Ni gramu 500 hadi 900, na jinzi mbili zinaweza kukuvusha kilo moja na nusu bila kutarajia. Ukiwa na nguo laini za kwenda pamoja, jinzi ikae chini, laini zikae juu.

Koti lenye mabega ndilo linalowashinda wengi. Geuza bega moja ndani nje, liingize bega la pili ndani yake, ili mabega yote yakae kama moja na bitana iwe nje. Kisha likunje mara moja tu kiunoni. Likifanywa hivyo halivunji sponji za mabega, na linachukua karibu nusu ya upana wake.

Gauni la shanga au vitu vya kung'aa ligeuze ndani nje, uweke karatasi laini kati ya mikunjo. Usilikandamize kwa nguvu. Hapa lipia nafasi, usibanie.

Kukunja au kuviringisha?

Kukunja bapa kwa kifurushi chenye kikomo cha unene. Kuviringisha kwa fulana nyingi na nguo za watoto zinazojaza pembe za mfuko mkubwa. Kuviringisha kila kitu kunakupa kifurushi cha duara kisichopangika, na karani wa basi akikiona kimevimba anakitaja bei ya kuvimba.

Mifuko ya kunyonya hewa inafaa?

Inafaa pale tu ukubwa unapotozwa. Hewa haipunguzi gramu za nguo, kwa hiyo ukipeleka posta kwa bei ya uzito umeongeza uzito wa mfuko bila faida. Kwa majaketi ya sponji, sweta na blanketi zinazokwenda kwa kampuni ya ndege, tofauti ni kubwa sana. Angalizo moja: mfuko wa aina hii ukitobolewa njiani, jaketi linavuta hewa upya na linaweza kupasua kifungashio cha nje. Funga kamba au selotepu kuzunguka pande mbili kabla ya kuweka mfuko wa nje.

Ninunue mizani gani?

Mizani ya kidijitali ya jikoni inayofika kilo 5 na kuonyesha gramu moja moja. Ile ya ndoano ya kupimia mabegi ya safari haifai kwa kazi hii, kwa sababu kukosea gramu 50 kwake ni jambo la kawaida, na gramu 50 ndizo zinazokuvusha ngazi.

Ngazi ndiyo siri ya bei ya uzito. Huduma ya EMS, ile ya haraka ya posta, na zinazofanana nayo hupanda kwa hatua, mara nyingi nusu kilo kwa nusu kilo. Gramu 980 na gramu 1,020 si tofauti ya gramu 40, ni tofauti ya ngazi nzima. Lenga kubaki gramu 20 hadi 30 chini ya kila ngazi, kwa sababu mizani ya kaunta inaweza isilingane na yako, na selotepu na karatasi ya anwani vina uzito pia. Pima kifurushi kikiwa kimekamilika, sio nguo peke yake.

Mteja mmoja ameagiza vitu vitano. Nifunge pamoja au nigawe?

Funga pamoja, kwa kawaida. Nusu kilo ya kwanza ndiyo ghali kuliko zote zinazofuata, na ukigawa mzigo mara mbili umeilipa mara mbili.

Mahali pa kufikiria ni kilo 2 kwenda nje ya nchi. Kwa taratibu za Umoja wa Posta Duniani, kifurushi kidogo kinachosafiri na barua hakizidi kilo 2, urefu, upana na kimo vikijumlishwa havizidi sentimita 90, na upande mrefu kuliko yote hauzidi sentimita 60. Ukipita hapo unaingia kwenye bei ya vifurushi vikubwa. Mzigo wa kilo 2.3 kwenda Muscat au London uliza bei zote mbili: mmoja mkubwa, au miwili midogo. Jibu hubadilika kwa nchi, kwa hiyo uliza kila mara. Na kama ziada ni gramu 100 tu, mwambie mteja ukweli. Mara nyingi atasema, "Dada, hiyo leso iache mpaka oda ijayo."

Mzigo wa basi nifungeje ili nisipigwe bei?

Uwe mdogo, mgumu na wenye umbo la tofali. Tumia kamba ya katani au ya manila kuzungusha msalaba na kuikaza, halafu uikate mikia. Mzigo ulioshikana unaingia chini ya kiti au pembeni mwa buti, na karani anajua hivyo. Nguo zilezile kwenye mfuko mpana uliolegea zinaonekana kama mzigo wa kuchukua nafasi ya begi la abiria.

Peleka mapema, si dakika kumi kabla ya gari kuondoka. Wakati buti limejaa, kila kitu kinapanda bei. Kama unauza kila siku, zoea ofisi moja au mbili za mizigo, kwa Dar es Salaam iwe Kituo cha Magufuli pale Mbezi au karibu na Kariakoo. Karani anayejua kuwa kila jioni unaleta vifurushi vinne vya aina ileile atakupa bei ya mteja wa kudumu, nawe umwombe bei hiyo waziwazi. Kwa wateja wa mji mmoja, wawili watatu, waulize kama wanaweza kupokea kwa mmoja wao: kifurushi kimoja kwenda Dodoma chenye bahasha tatu ndani yenye majina.

Andika jina la mpokeaji, simu yake, mji na kituo mzigo utakaposhukia, kisha jina lako na simu yako. Kwa kalamu isiyofutika, pande mbili. Weka na karatasi nyingine ndani yenye maelezo hayohayo, pamoja na risiti ya mauzo. Piga picha ya mzigo na ya risiti ya basi, umtumie mteja.

Na bodaboda ndani ya mji?

Boda anatoza umbali. Gramu hazimhusu. Kinachopunguza gharama ni kukusanya oda za upande mmoja, Mbagala siku moja, Tegeta siku nyingine, na kufunga vizuri dhidi ya vumbi na mvua.

Nikituma nje ya nchi, kuna malipo mengine yatakayomfikia mteja?

Mara nyingi yapo, na ni wajibu wako kumwambia kabla hajalipa. Umoja wa Ulaya uliondoa tarehe 1 Julai 2021 msamaha wa VAT kwa bidhaa za chini ya euro 22. Uingereza iliondoa msamaha wake wa paundi 15 tarehe 1 Januari mwaka huohuo. Marekani, iliyokuwa ikipokea vifurushi vya hadi dola 800 bila ushuru, ilisitisha utaratibu huo kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Mteja wa Minneapolis aliyezoea kupokea madera bila kulipa kitu anahitaji kusikia hilo kutoka kwako.

Fomu ya forodha ijazwe kikamilifu. Usiandike "nguo" peke yake, andika aina, kitambaa, idadi, thamani na uzito wa kila aina. Ukijua namba ya forodha ya bidhaa hiyo, iweke: 6109 ni fulana za kufuma, 6309 ni nguo zilizovaliwa. Fomu yenye maelezo machache hukaa forodhani, na mzigo ukirudishwa umelipa safari mbili.

Mteja ananiomba niandike "zawadi" au nipunguze thamani. Nifanyeje?

Kataa kwa upole. Ni tamko la uongo, na jina lililo kwenye fomu ni lako. Kuna hasara nyingine wasiyoifikiria: mzigo ukipotea, fidia hutazama thamani uliyoandika. Gauni la shilingi 180,000 uliloliandika 20,000 limeshakuwa la 20,000.

Ninaishi Uingereza na nauza nguo kutoka huku. Mambo ni yaleyale?

Huko unene ndio unaoamua. Royal Mail, posta ya huko, wana daraja la barua kubwa: sentimita 35.3 kwa 25, unene usiozidi 2.5, uzito usiozidi gramu 750. Blauzi, sketi nyepesi, jozi moja ya kanga iliyokandamizwa usiku kucha, vyote vinaweza kupita. Kikizidi milimita mbili tu, kimekuwa kifurushi kidogo, ambacho kikomo chake ni sentimita 45 kwa 35 kwa 16 na kilo 2. Kata tundu la urefu wa sentimita 25 na upana wa 2.5 kwenye kadibodi ngumu, upitishe kila bahasha nyumbani. Ikikwama, itoe, sambaza nguo ijaze eneo lote la bahasha badala ya kukaa katikati, ujaribu tena. Bahasha inapaswa kupita bila kusukumwa.

Nimpe mtu anayesafiri abebe?

Kwa ndugu na rafiki anayekubali kwa moyo, inawezekana. Lakini ufungaji uwe wazi: funga mzigo mbele yake, aone kila nguo, ujue kilo ngapi za begi lake anakupa, umlipe. Uwanja wa ndege ataulizwa kama amefunga begi mwenyewe, na asilazimike kusema uongo kwa ajili yako. Kubeba bidhaa za biashara kunaweza pia kumletea maswali ya forodha. Kwa oda za kila wiki, siipendekezi hata kidogo.

Nimtoze mteja kiasi gani cha kutuma?

Kiasi halisi ulicholipa, pamoja na gharama ya kifungashio ukiitaja. Nina msimamo mkali hapa. Wapo wanaoshusha bei ya gauni kisha wanajazia kwenye "usafiri juu ya mteja," wakati wanajua kufunga vizuri na nusu ya hela inabaki kwao. Mteja akiona stika ya posta yenye bei pungufu ya aliyolipa, hatakuuliza, ataondoka tu. Ukikadiria ikazidi, mrudishie kwa simu siku hiyohiyo, hata kama ni shilingi 1,500. Ukitaka kutangaza "usafiri bure," weka wastani wa usafiri ndani ya bei ya nguo na utoze hivyo kwa wote.

Mteja akirudisha nguo, nani analipa?

Ikiwa umetuma saizi au rangi ambayo hakuiagiza, unalipa wewe, kwenda na kurudi. Ikiwa amebadili mawazo, analipa yeye, na sharti hilo aliandikiwe kabla ya kununua. Msaidie kupunguza gharama: mweleze kwa picha jinsi ulivyoikunja, na uache ukanda wa pili wa gundi kwenye mdomo wa mfuko, au kipande cha uzi na sindano kama ulishona. Asipokuwa navyo atatafuta boksi dukani, na ile nguo ya gramu 300 itakurudia kwa bei ya kilo.